Miezi minne ya kubeba mwaka mzima: kazi ya boti kwenye mto Mackenzie

Mwezi wa sita, saa nne usiku, jua bado liko juu kama la alasiri, na mimi nimesimama ukingoni mwa mto Mackenzie pale Tsiigehtchic, kijiji kidogo cha Wagwich'in kaskazini kabisa mwa Kanada, nasubiri pantoni itoke ng'ambo. Pantoni yenyewe inaitwa Louis Cardinal, ukiwa umezoea za Kigamboni au Likoni utaiona kama mtoto wao. Ila kilichonishika macho hakikuwa pantoni, kilikuwa katapila. Pantoni ikiwa bado katikati ya mto, katapila likashuka likaingia majini kidogo, likasukuma kokoto mbele, likarudi nyuma likachota nyingine, likasukuma tena, likazilaza vizuri. Pantoni ikafika ikashusha mdomo wake juu ya zile kokoto mbichi, magari yakatoka, sisi tukapanda. Hakuna zege, hakuna nguzo, hakuna gati. Na ukiangalia vizuri unaona tuta la kokoto za jana limebaki nchi kavu hatua kadhaa nyuma ya tuta la leo, maana maji yalikuwa yanashuka kila siku na gati inabidi iyafuate.

Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa kwenye pikapu nyuma yangu, mzee, mbona hawajengi gati moja ya kudumu mambo yakaisha? Hakunijibu kwa mdomo kwanza, alininyooshea kidole kule juu ya ukingo, juu kabisa kupita tulipoegesha magari. Kulikuwa na magogo makubwa yamelala ovyo, matope yamekauka, na vimiti vimechunwa magome upande mmoja tu, ule upande mto unakotokea. Akasema barafu ilipita pale wiki chache zilizopita.

Sasa hapo ndo nikaanza kuelewa, na nataka nilieleze hili taratibu kwa sababu watu wengi wakisikia mto wa kaskazini wanadhani ni habari ya baridi tu, eti maji yanaganda, boti zinasimama, yanayeyuka, boti zinaendelea. Sivyo kabisa. Kazi ya boti kwenye mto huu ni hesabu ngumu kweli, manake kuna milango kadhaa inayofunguka kwa nyakati tofauti, na mzigo wa mwaka mzima inabidi upite wakati yote iko wazi.

Tuanze na mto wenyewe. Mackenzie unatoka kwenye ziwa linaloitwa Great Slave, ziwa lenye kina cha mita 614, hakuna ziwa lenye kina zaidi ya hilo Amerika Kaskazini yote, unatembea kilomita 1,738 mpaka bahari ya Aktiki. Ukihesabu na mito inayolilisha lile ziwa, kama Peace na Slave, unapata zaidi ya kilomita 4,200. Eneo lote linalomwaga maji yake humo ni kama kilomita za mraba milioni 1.8, yaani chukua Tanzania, Kenya na Uganda uziunganishe, ndo karibu sawa na hapo. Jina la Mackenzie ni la Mskoti aliyeshuka na mitumbwi mwaka 1789, lakini wenyeji walikuwa na majina yao zamani sana, Wadene wa kusini wanauita Dehcho, Wainuvialuit wa kule mdomoni wanauita Kuukpak, na yote maana yake ni ileile, mto mkubwa.

Jambo la kushika hapo ni uelekeo. Mto huu unatiririka kwenda kaskazini. Sisi hilo halitushangazi, Nile yetu nayo inatoka Victoria inakwenda kaskazini, lakini Nile inakwenda kwenye jua kali zaidi. Mackenzie unatoka kwenye joto, au niseme kwenye nafuu, unakwenda kwenye baridi zaidi. Watu wa huko wakisema wanashuka chini ujue wanaelekea kaskazini, kwa sababu wanafuata maji, siyo ramani.

Sasa fikiria majira ya kuchipua. Huku juu mto unakotoka barafu inayeyuka mapema, mwanzoni mwa mwezi wa tano hivi, na mto Liard unaotoka milimani unaleta maji mengi unayaingiza Mackenzie pale Fort Simpson. Lakini kule chini, mamia ya kilomita mbele, barafu bado ni ngumu kama sakafu. Maji yanakuja, yanakuta mlango umefungwa, yanainua ile sakafu na kuivunja vipande, vipande vinasukumana, vinapandana, vinakwama kwenye kona au kwenye kisiwa, na hapo mto unajiziba wenyewe. Maji yanapanda nyuma ya kizibo, yanaweza kupanda mita kadhaa kwa muda mfupi sana, halafu kizibo kikiachia kinaondoka na kila kitu. Mwaka 2021 mwezi wa tano Fort Simpson na Jean Marie River walifurika namna hiyo, mwaka uliofuata mwezi huohuo ikawa zamu ya Hay River, mji mzima ukahamishwa. Na Hay River ndo bandari kuu ya mto wote huu. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini hakuna gati za kudumu kwenye vijiji, jibu ndo hilo: gati yoyote utakayoiweka kwenye ukingo ule, mwezi wa tano barafu itakuja kuichukua.

Barafu ya mtoni inapita, Fort Simpson kwanza, halafu inashuka hadi mji wa Inuvik, karibu na mdomo wa mto, ambako mara nyingi ni mwisho wa mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita. Sasa ungedhani boti zinaanza hapo hapo. Hapana! Bandari iko Hay River, na Hay River iko kwenye ufuo wa lile ziwa, na ziwa linachelewa kuyeyuka kuliko mto. Maji ya mto yanakimbia yanajisaidia kuvunja barafu, ziwa limetulia, barafu yake inaoza polepole juani. Unaweza kuwa na mto ulio wazi kabisa na boti zimejaa mzigo na mabaharia wako tayari lakini ziwa bado jeupe, inabidi msubiri mpaka katikati ya mwezi wa sita au zaidi. Na hata mkishuka mto mpaka mwisho mkafika Tuktoyaktuk, bahari ya Aktiki nayo ina barafu yake, inayoondoka ufuoni mwezi wa saba, na ikiamua kurudi na upepo inarudi. Mlango wa mto, mlango wa ziwa, mlango wa bahari. Mzigo wa kijiji cha pwani kama Paulatuk unapita yote mitatu, na mwezi wa tisa ukiisha inaanza kufungwa tena. Piga hesabu mwenyewe, unabakiwa na miezi mitatu, minne ukibahatika.

Kabla tishari lolote halijashuka, kuna kazi moja inayotangulia na mimi naipenda sana kuitazama, ni kazi ya maboya. Walinzi wa pwani wa Kanada wana meli ndogo za kukaa juujuu ya maji, Dumit na Eckaloo ni majina yanayojulikana sana mtoni, zinaondoka Hay River na maboya yamepangwa sitahani kama mitungi ya gesi, mekundu na ya kijani, na kazi yake ni kwenda kupanda njia upya. Nasema upya kwa sababu maboya hayawezi kuachwa majini msimu wa baridi, barafu ingeyaburuta. Na hata kama yangeachwa yasingefaa, maana barafu ikipita inalima chini ya mto, mchanga uliokuwa hapa unahamia pale, mkondo uliokuwa na kina mwaka jana mwaka huu ni fungu la mchanga. Basi kila mwaka wanapima kina, wanatafuta njia ilipohamia, wanashusha boya na nanga yake, wanakwenda mbele. Mwisho wa msimu wanarudi kuyaokota moja moja. Tishari linalokwenda mapema bila maboya ni kama basi linalopita barabara ya vumbi usiku bila taa.

Halafu ndo yanakuja matishari yenyewe. Msidhani ni meli kama zile za bandarini Dar. Ni masanduku makubwa ya chuma, chini tambarare kama sinia ili yasizame sana, yanafungwa pamoja kwa nyaya nene, mengine ubavu kwa ubavu, mengine mbele na nyuma, na tagi inakaa nyuma inayasukuma. Inasukuma, haivuti. Kwenye mto wenye kona na mkondo ukivuta, mzigo unayumba nyuma yako kama mkia, ukisukuma mmekuwa kitu kimoja na nahodha anaweza kuupinda wote. Ila kwenye maporomoko madogo kama ya Providence au Sans Sault njia ni nyembamba na haina kina, hapo msafara wote hauwezi kupita mara moja, kwa hiyo wanafungua nyaya, wanapitisha matishari machache, wanayafunga ng'ambo ya poromoko, tagi inapanda tena kuchukua mengine. Wanarudia hivyo mpaka yaishe. Kutoka Hay River hadi mdomoni ni zaidi ya wiki, na mvua isiponyesha vizuri kule juu, muda wa kufungua na kufunga unazidi muda wa kusafiri.

Ndani kuna nini? Kwanza kabisa ni mafuta. Vijiji vingi vya huko umeme wao unatoka kwenye jenereta za diseli, nyumba zinapashwa joto kwa mafuta, na hapa siongelei anasa, baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri ukikosa mafuta mabomba yanapasuka na watu hawawezi kulala humo. Matangi makubwa ya kijiji yanajazwa mara moja kwa mwaka, basi. Halafu vifaa vya ujenzi, magari, boti, pikipiki za theluji, unga, sukari, maziwa ya kopo, sabuni, vitu vizito na vya kukaa. Maziwa freshi na nyanya zinakuja kwa ndege na bei yake ni ya ndege. Kwa hiyo mtu anayetaka kujenga nyumba mwaka kesho anaagiza mbao mwaka huu, akisahau misumari ya aina fulani inabidi ailipie nauli ya ndege au asubiri. Duka linaagiza kwa kukadiria watu watakula nini miezi kumi na mbili. Hebu jaribu wewe kuandika orodha ya dukani ya mwaka mzima bila kusahau kitu.

Mtu atauliza, kwa nini wasijenge barabara tu? Hilo ni swali zuri na wenyeji wenyewe wanaliuliza kwa miaka mingi. Barabara ya kudumu ya bonde hili inafika Wrigley inaishia hapo. Kutoka pale mpaka Tulita, Norman Wells na Fort Good Hope hakuna. Chini ya ardhi kuna udongo ulioganda miaka na miaka, ukichimbua au ukiondoa majani juu yake unayeyuka unakuwa uji, barabara inadidimia, na kuna vijito vingi vinavyotaka madaraja. Inawezekana, ila ni gharama kubwa. Kwa hiyo msimu wa baridi wanatumia kile walichopewa, wanatengeneza barabara juu ya theluji na juu ya mito iliyoganda. Barafu ikifika unene wa kutosha, kwa lori zito unahitaji zaidi ya mita moja, wanapitisha magari juu ya mto uleule ambao mwezi wa saba unapitisha matishari.

Kwa hiyo mto ni njia ya maji kiangazi na njia ya magari wakati wa baridi, na watu wengi wanaishia hapo wakieleza. Lakini shida haiko kwenye hizo nyakati mbili. Shida iko katikati. Kuna wiki kadhaa vuli, barafu imeshaanza kiasi cha kuzuia boti lakini haijafikia kubeba gari, na wiki nyingine kipindi cha kuyeyuka, barafu haibebi tena gari na boti haiwezi kuingia. Hapo ng'ambo iko palepale unaiona kwa macho, moshi wa nyumba unauona, na huwezi kufika. Hata Yellowknife, mji mkuu wa jimbo hili la Northwest Territories, ulikuwa ukikatika hivyo kila mwaka pale Fort Providence, vyakula vinavushwa kwa helikopta vimening'inia chini kwenye wavu, bei zinapanda, mpaka daraja la Deh Cho lilipofunguliwa mwezi wa kumi na moja mwaka 2012. Daraja la zaidi ya kilomita moja, na kwa kweli nguzo zake imebidi zijengwe za kupasua barafu. Tsiigehtchic bado hawana daraja. Inuvik nayo, ukitokea Yukon kwa barabara ya Dempster, unavuka pantoni mbili, ya Fort McPherson kwenye mto Peel halafu hii ya Tsiigehtchic, zote mbili zina mapengo hayo.

Nikiwatazama watu wale nawakumbuka wazee wetu wa pwani. Jahazi lililokwenda Arabuni halikwenda siku ya kutaka nahodha, lilisubiri upepo, ukikosa kusi umekosa, unakaa bandarini mpaka majira yageuke. Kusi ikichacha vyombo vilipandishwa pwani, vikaegemezwa kwa magogo, watu wakapiga kalafati, wakapaka deheni, wakashona matanga. Hay River ni hivyo hivyo. Mwezi wa kumi tagi na matishari yanainuliwa toka majini kwa jukwaa kubwa la chuma, yanateleza kwenye reli mpaka uwanjani, na msimu wote wa baridi ni kuchomelea, kubadilisha propela zilizogonga miamba, kukwangua kutu, kupaka rangi. Msimu wa miezi minne unatengenezwa kwa miezi minane, na mtu anayeona boti zimekaa juu ya theluji akadhani hakuna kazi inayoendelea anakosea sana.

Kuna sehemu ya historia ya mto huu inayotuhusu moja kwa moja na nadhani wengi wetu hatuijui. Miaka ya 1930 kule ziwa Great Bear, upande wa mashariki ya mto, ulifunguliwa mgodi wa radiumu ukaitwa Port Radium. Madini yakawa yanawekwa kwenye magunia, wanaume wa Kidene wakawa wanayabeba mabegani kutoka boti hii hadi boti ile, maana njiani kuna maporomoko na kila poromoko ni kushusha na kupakia upya, yakapelekwa juu ya mto, kusini, mpaka kiwanda cha Port Hope huko Ontario. Ndo maana boti za kampuni ya usafirishaji zikapewa majina ya Radium hivi na Radium vile, Radium King mpaka leo imewekwa Fort Smith watu waione. Vita ya pili ya dunia ilipokuja kilichotakiwa kikawa ile urani iliyokuwa ndani ya madini hayohayo, na kiwanda kilekile cha Port Hope kikasafisha pia urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliyochimbwa na ndugu zetu wa Kongo. Magunia ya mto huu na magunia ya Katanga yalikutana kwenye kiwanda kimoja kwa ajili ya mradi mmoja, mabomu ya atomiki ya Wamarekani. Wabebaji wa pande zote mbili hawakuambiwa wanabeba nini. Mwaka 1998 Wadene wa kijiji cha Délı̨nę walituma ujumbe Hiroshima kwenda kuomba radhi, watu ambao hawakuwahi kuulizwa chochote. Mimi hilo kila nikilifikiria nasimama kidogo.

Mwaka 1964 reli ilifika Hay River na ile taabu ya zamani ya kushusha mizigo kwenye maporomoko ya mto Slave ikaisha, mzigo ukawa unakuja kwa treni au lori mpaka ziwani. Njia hiyohiyo ndo iliyopeleka msikiti wa Inuvik mwaka 2010. Waislamu wa Inuvik walikuwa wachache lakini wameongezeka, wanaswali kwenye kibanda kidogo, na kujenga pale pale ilikuwa ghali mno kwa sababu ya bei za vifaa na mafundi. Taasisi moja ya kheri ya Manitoba ikajenga msikiti mzima Winnipeg, nyumba kamili, ukapakiwa kwenye lori. Safari ya jumla ya kilomita kama 4,000, njiani nusura udondoke kwenye kijito, na muda wote huo kila mtu anaangalia kalenda kwa sababu tishari la mwisho la mwaka lilikuwa linakaribia kuondoka Hay River, na likiondoka msikiti unalala bandarini mpaka mwakani. Uliwahi. Mwezi wa tisa watu wa Inuvik walisimama ukingoni wakaona msikiti wenye kuta za njano unakuja juu ya maji. Mwezi wa kumi na moja ukafunguliwa, kabla jua halijapotea kwa mwezi mzima.

Hiyo ndo tishari la mwisho linavyoweza kuwa. Lakini kuna miaka halifiki. 2018 barafu ya bahari ilijaa ufuoni na matishari ya kwenda Paulatuk, Kugluktuk na Cambridge Bay yakafutwa, watu walioagiza magari, boti na vifaa vya nyumba wakabaki kusubiri, vya lazima vikapelekwa kwa ndege. Huo ulikuwa mlango wa bahari. Siku hizi tatizo limekuwa lingine ambalo wazee wa mto wanasema hawakulizoea, ni maji yenyewe. Tangu 2022 hivi kusini huko Alberta na British Columbia kumekuwa na ukame, mvua kidogo, theluji kidogo milimani, na ziwa likashuka. 2023 matishari yalianza kukwama. 2024 ziwa lilishuka kuliko lilivyowahi kupimwa, na usafirishaji wa matishari, ambao tangu mwisho wa 2016 uko mikononi mwa serikali ya jimbo baada ya kampuni ya zamani kufilisika, ukafutwa kwa vijiji vya kati, Tulita, Norman Wells na Fort Good Hope. Mawe yaliyokuwa chini yakatoka juu. Mto mkubwa kiasi kile, upana wake pengine kilomita na zaidi, lakini mkondo wa kupitisha tishari lililojaa ukawa haupo.

Norman Wells ndo inayouma zaidi. Pale pana visima vya mafuta tangu mwaka 1920, visiwa vya kuchimbia viko katikati ya mto unaviona. Lakini yale ni mafuta ghafi, mwaka 1985 yakaanza kuingizwa kwenye bomba kwenda Alberta. Ya kuwashia heta yanatoka nje kama ya kila mtu. Kwa hiyo tishari lilipokosekana mafuta yakaletwa kwa ndege, bei ya kupasha nyumba ikaruka, na mji ukatangaza hali ya dharura. Mtu amekaa juu ya mafuta, mafuta yanapita chini ya miguu yake, na anashindwa kulipia ya nyumbani kwake.

Watu wanabishana sababu. Wengine wananyooshea kidole bwawa la W.A.C. Bennett kwenye mto Peace, lililojengwa 1968, na ni kweli kwamba bwawa lile limebadilisha mwendo wa maji, linazuia maji kiangazi kujaza ziwa lake na kuyaachia wakati wa baridi umeme unapohitajika, yaani kinyume kabisa na matishari yanavyotaka. Lakini bwawa lile limekuwepo zaidi ya miaka 50 na matishari yalipita, kwa hiyo mimi naona ukame ndo umebeba sehemu kubwa, bwawa limeondoa kile kidogo ambacho kingesaidia. Na wengine wanasema wachimbe mkondo, watoe mchanga. Kwenye bandari ya Hay River inasaidia, pale matope ya mto yanajaza mlango wa bandari kila mwaka. Kwenye kilomita 1,700 za mto unaohamisha mafungu yake kila barafu ikipita, unachimba leo, mwezi wa tano mwakani umefutwa.

Hao wa Tulita na Norman Wells wanaangukia barabara ya barafu, na barabara ya barafu nayo inataka baridi ya kutosha, na baridi nayo siku hizi inachelewa. Wakati mwingine msimu wake unakuwa mfupi kiasi kwamba malori hayamalizi. Mtu akikosa la kiangazi akakosa na la baridi, imebaki ndege.

Nilirudi Tsiigehtchic mwaka uleule wa safari yangu ya mwezi wa sita, mwisho wa mwezi wa kumi. Louis Cardinal ilikuwa bado inavuka, ila sasa mto ulikuwa umejaa sahani za barafu laini, zinashuka taratibu, zinagongana kwa sauti ya kusaga kama mtu anakanyaga vioo, na pantoni inarudi mbele na nyuma ili njia yake isifunge. Katapila lilikuwa palepale, linavunja barafu ya ukingoni badala ya kusukuma kokoto. Tulikuwa na foleni ndefu, magari yamejaa unga, mafuta ya kupikia, nepi, matairi, kila mtu anajua kinachokuja. Siku chache baadaye pantoni ilivutwa juu nchi kavu. Na ukingoni wakatangulia watu wawili kwa miguu, wamefungwa kamba viunoni, mmoja na drili ndefu, mwingine na kijiti cha kupimia. Wanatoboa tundu, wanashusha kijiti, wanasoma sentimita, wanaandika, wanasogea hatua chache mbele, wanatoboa tena.